Seti ya Kwanza Haimalizi Mchezo



Mwezi wa tano mwaka 2025, katika mji wa Roma, binti mwenye umri wa miaka 18 aliingia katika uwanja wa udongo mwekundu kupambana na mmoja wa mabingwa wakubwa wa tenisi duniani. Jina lake ni Victoria Mboko. Wazazi wake ni Wakongomani waliohama Kinshasa wakati wa misukosuko ya siasa. Yeye mwenyewe alizaliwa Marekani mwaka 2006, akalelewa Kanada, na ni bendera ya Kanada anayoichezea. Upande wa pili wa wavu alisimama Coco Gauff wa Marekani, ambaye mwaka 2023, akiwa na miaka 19, alikwisha kutwaa ubingwa wa US Open, mojawapo ya mashindano makuu manne ya tenisi.

Wengi wetu huku Kirungu hatujawahi kushika raketi, kwa hiyo nieleze kwa kifupi. Mashindano ya wanawake huwa ya seti tatu, naye atakayetwaa mbili ndiye mshindi. Ili kutwaa seti yakupasa kwa kawaida kushinda michezo midogo sita, ukimwacha mwenzako nyuma kwa miwili au zaidi. Mboko alitwaa seti ya kwanza kwa 6-3. Fikirini jambo hilo: mwanzoni mwa mwaka ule ule alikuwa nje ya wachezaji 300 wa kwanza katika orodha ya dunia, na sasa alikuwa mbele ya bingwa, akihitaji seti moja tu. Kisha bingwa akatwaa ya pili kwa 6-2, na ya tatu kwa 6-1. Binti akashindwa.

Nililisimulia shindano hili katika kikundi chetu cha vijana, nikidhani litakuwa habari ya dakika tano kabla ya kazi nyingine. Likachukua jioni nzima. Wengine walisema huyu ni mtoto wetu, na kumnyang'anya bingwa seti ni ushindi tosha. Wengine walisema katika daftari la washindi hakuna ukurasa wa waliokaribia. Mabishano yalikuwa matamu, kama yale ya mpira wa miguu, mpaka msichana mmoja aliyekuwa amekaa kimya aliposema maneno yaliyotunyamazisha sote: "Afadhali angeshindwa tangu seti ya kwanza. Kuonjeshwa ushindi halafu kunyang'anywa ndiko kunakovunja moyo."

Sisi tuliomfahamu tulijua kwamba hasemi habari za tenisi. Kwa miaka yote ya sekondari alikuwa miongoni mwa wa kwanza darasani, akitajwa na wazee kama mfano kwa wadogo zake. Kisha ukaja mtihani wa Serikali wa kumaliza shule, na jina lake halikuonekana katika orodha ya waliofaulu. Tangu siku hiyo hakutaka tena kusikia neno shule. Nimeandika kurasa hizi kwa sababu ya sentensi yake, kwa kuwa jioni ile sikuwa na jibu la kumpa, na kwa kuwa nawajua vijana wengine wengi ambao wangeitia sahihi.

Nianze na udongo wenyewe, maana katika tenisi uwanja si sakafu tu. Uwanja unaoitwa wa udongo, kama ule wa Roma na ule wa Roland Garros huko Paris, kwa kweli hufunikwa na unga wa matofali. Matofali yaliyochomwa hupondwa, husagwa na kuchekechwa, kisha unga ule mwekundu hutandazwa juu kwa unene wa milimita moja au mbili tu. Chini yake kuna chokaa iliyoshindiliwa, na chini zaidi mabaki ya makaa ya mawe, changarawe na mawe. Husimuliwa kwamba mwanzo wake ulikuwa kusini mwa Ufaransa, karibu na mwaka 1880, pale nyasi za viwanja zilipoungua kwa jua, na watu wakazifunika kwa unga wa vyungu vilivyovunjika.

Habari hii haiwezi kumshangaza mtu wa Kirungu. Sisi tumekulia kati ya matofali. Kanisa letu kubwa na majumba ya zamani ya misioni ni matofali mekundu, na hata leo kijana asiye na kazi hapa huweza kujipatia kitu kwa kukanda udongo, kuufyatua katika kalibu, kuuanika na kuupanga katika tanuru. Baba yangu mdogo, aliyenifundisha kazi hiyo nilipokuwa mvulana, hakutupa tofali lililopasuka motoni. Aliyarundika kando ya tanuru, na mvua zilipoanza tuliyaponda kwa nyundo, tukajaza mashimo ya njia iliyotelemka kwenda ziwani. Alikuwa akisema kwamba tofali zima hubeba ukuta, lakini tofali lililovunjika hubeba watu. Sikujua wakati ule kwamba mabingwa wa dunia nao hukimbia juu ya matofali yaliyovunjika.

Unga huo hubadilisha mchezo mzima. Mpira ukidunda juu yake hupunguza mwendo na kuruka juu zaidi. Pigo ambalo katika uwanja mgumu wa saruji au katika uwanja wa nyasi lingemaliza kila kitu, hapa hurudishwa. Mpinzani hupata nafasi ya kuufikia mpira, mara nyingi akiteleza kwa mguu kama mtu anayeshuka mlima wakati wa mvua. Hivyo mwenye nguvu hulazimika kupiga mara mbili, mara tano, mara kumi, ili kupata pointi moja. Aidha, mpira huacha alama juu ya udongo. Huko Roland Garros, ukitokea ubishi kama mpira ulikuwa ndani au nje, mwamuzi hushuka kutoka kiti chake, akaenda kuitazama alama hiyo kwa macho yake.

Kwa hiyo uwanja wa udongo ni uwanja wa muda. Humpa aliyetanguliwa nafasi ya kufikiri. Humnyima aliyetangulia haki ya kumaliza upesi. Kijana mwenye mkono mzito anaweza kumshtua bingwa kwa nusu saa. Lakini baada ya nusu saa bingwa amekwisha kumsoma: anajua anapenda kupiga wapi, anachoka lini, anaogopa nini. Hapo ndipo mashindano yenyewe huanza. Nikiisoma hesabu ile ya Roma, 3-6, 6-2, 6-1, naona kwamba mwenye kushinda alikuwa yule aliyejua la kufanya baada ya kupoteza seti. Gauff hakuwa na miaka mingi kumpita Mboko. Alikuwa na miaka 21 tu. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa kwamba Gauff alikuwa amekwisha kupoteza seti nyingi za kwanza mbele ya macho ya dunia, naye alijua kwamba mtu hafi kwa hilo. Wiki chache baadaye, tarehe 7 mwezi wa sita, alipoteza tena seti ya kwanza, safari hii katika fainali ya Roland Garros dhidi ya Aryna Sabalenka aliyekuwa wa kwanza duniani. Akatwaa mbili zilizofuata, 6-2 na 6-4, akawa bingwa wa Paris.

Tena si mara ya kwanza Mboko kuonja kikombe hicho. Mwaka 2022 huko Wimbledon, katika fainali ya wasichana wanaocheza wawili wawili, yeye na Mkanada mwenzake Kayla Cross walitwaa seti ya kwanza kwa 6-3, hesabu ile ile ya Roma. Waliokuwa mbele yao ni Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi na Angella Okutoyi wa Kenya, binti yatima aliyelelewa Nairobi na bibi yake. Okutoyi na mwenzake walitwaa seti ya pili kwa 6-4, na mwisho wakashinda kwa pointi 11-9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mojawapo ya mashindano makuu manne. Afrika Mashariki ilishangilia, nayo ilikuwa na haki. Lakini upande wa pili wa wavu alikuwapo binti wa miaka 15, mwenye damu ya Kongo, aliyekwenda nyumbani akijua kwamba ushindi ulikuwa mkononi mwake ukaponyoka.

Mtu atauliza: je, basi udongo ni wa wakubwa siku zote? La. Wazee wa tenisi hawajaisahau siku moja ya mwezi wa sita mwaka 1989 huko Paris. Michael Chang wa Marekani, mwenye miaka 17, alikutana na Ivan Lendl, wa kwanza duniani, aliyekwisha kutwaa Roland Garros mara tatu. Chang alipoteza seti mbili za kwanza, 4-6 na 4-6. Akashinda ya tatu na ya nne. Katika ya tano misuli ya miguu yake ilikakamaa kiasi kwamba hakuweza kukimbia vizuri. Akawa anapiga mipira ya juu ili apate kupumua, na mara moja akaanzisha mpira kwa mkono wa chini, kama mtoto, bingwa asiamini macho yake. Akashinda baada ya zaidi ya saa nne na nusu, kisha akalitwaa taji lenyewe. Kwa hiyo udongo haumpendelei mkubwa wala mdogo. Humpendelea anayeendelea kutafuta njia wakati njia aliyoizoea imefungwa.

Turudi kwa Mboko. Baada ya Roma alikwenda Paris. Hakuwa na cheo cha kumwingiza moja kwa moja, hivyo alipita katika mchujo, akashinda mara tatu, kisha akashinda raundi mbili za mashindano yenyewe. Katika raundi ya tatu alimkuta Zheng Qinwen wa China, ambaye mwezi wa nane mwaka 2024 alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika viwanja hivyo hivyo vya Roland Garros. Zheng alimshinda, 6-3 na 6-4. Katika mwezi mmoja, basi, binti huyu alisimama juu ya udongo mbele ya mabingwa wawili, akashindwa mara mbili. Kama angekuwa mtoto wa mtaa wetu, ninaogopa kufikiri tungemwambia nini. Wengine wangemwambia amefika mwisho wa uwezo wake. Wengine wangemsifu mno, mpaka asione haja ya kujifunza kitu.

Mwishoni mwa mwezi wa saba wa mwaka ule ule aliingia mashindano ya Kanada huko Montreal kwa mwaliko wa waandalizi, akiwa wa 85 duniani. Katika raundi ya nne alimkuta tena Coco Gauff, ambaye sasa alikuwa bingwa wa Paris. Mboko alimshinda, 6-1 na 6-4. Katika nusu fainali alikutana na Elena Rybakina, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 2022. Akapoteza seti ya kwanza kwa 1-6, akaanguka akaumia kifundo cha mkono, akafika pointi moja tu kabla ya kushindwa, na bado akashinda. Katika fainali alikuwapo Naomi Osaka wa Japani, mwenye mataji manne makuu. Mboko akapoteza tena seti ya kwanza, 2-6. Kisha akatwaa ya pili kwa 6-4, na ya tatu kwa 6-1.

Naomba mwisho huo muuweke kando ya hesabu ya Roma. Kule Gauff alipoteza ya kwanza, akamaliza ya tatu kwa 6-1. Hapa Mboko alipoteza ya kwanza, akamaliza ya tatu kwa 6-1. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita. Kile alichotendewa Roma, sasa alikijua kukitenda. Sidai kwamba somo lote lilitoka katika jioni moja. Ana walimu wake, ana mazoezi ya miaka, ana kipaji. Tena ni haki kusema kwamba uwanja wa Montreal ni mgumu, si wa udongo, na mtu aliyeshinda juu ya saruji hajajibu bado kila swali aliloulizwa na udongo. Lakini jambo moja haliwezi kukataliwa: kama angeshindwa Roma kwa 6-1 na 6-1, asingeonjeshwa chochote, wala asingekuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Hapa nataka kusema neno juu ya sisi tunaotazama kutoka mbali. Tunapenda kusema "mtoto wetu". Mimi pia nilisema hivyo, na moyo wangu ulifurahi kusikia jina la Kikongomani likitajwa kati ya majina makubwa. Lakini jasho lake ni lake. Jina la ukoo halitupi sehemu katika mazoezi yake, kama vile jirani wa mvuvi hana sehemu katika wavu ambao hakuusuka. Tukimshangilia tu, tutakuwa tumepata burudani. Tukimtazama vizuri, tutapata elimu. Watoto wenye kipaji kama chake wapo pia huku kwetu, wengine wanakanda udongo asubuhi hii. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kukaa nao siku ya kushindwa na kuwauliza: "Ulifanya nini vizuri mpaka ukafika pale? Na mwenzako alibadilisha nini?"

Neno la pili ni juu ya kumheshimu aliyetangulia. Kwetu tumefundishwa kuwaheshimu wakubwa, na ni vema. Lakini kuna heshima ya kupiga magoti na kuna heshima ya kusimama. Mchezaji kijana anayempunguzia bingwa mapigo kwa sababu ya jina lake hamheshimu, bali anamwogopa. Anayemdharau kwa sababu amemtangulia kwa seti moja, huyo naye hamjui. Heshima ya kweli uwanjani ni kumletea bingwa nguvu zako zote, kisha kumtazama kwa makini anapozijibu, kwa maana jibu lake ni shule ambayo hungeweza kuilipia ada. Ndivyo ilivyo kwa fundi mkubwa wa matofali, kwa nahodha mzee wa mtumbwi, kwa mwalimu mkali. Usimwige kwa woga, wala usimcheke. Fanya kazi kwa bidii mbele yake, uone anavyosahihisha.

Sasa namrudia dada yetu na sentensi yake. Ni kweli kwamba kuonja na kunyang'anywa kunauma kuliko kutoonja kabisa. Sitamdanganya kwamba hakuumi, wala sitamwambia kwamba kila aliyeshindwa hushinda baadaye, maana si kweli, na yeye ana akili ya kutosha kulijua hilo. Ninachoweza kumwambia ni hiki: miaka ile ya kuwa wa kwanza darasani haikuwa ndoto. Ilikuwa seti aliyoitwaa kwa haki. Alama zake zipo juu ya udongo, na mwamuzi wa kweli akishuka kitini ataziona. Mtihani ulimwonyesha kitu ambacho darasa lake halikumwonyesha. Kujua kitu hicho ni nini hasa, somo gani, sura gani, haraka gani, woga gani, ni kazi ya kufanywa sasa, kabla uwanja haujafagiliwa. Hajaniambia kama atarudia mtihani. Nimemwomba tu aje na daftari zake, tukae pamoja na mwalimu mmoja aliyekubali kutusaidia, tuzitazame alama.

Kati ya seti na seti wafanyakazi huingia na nyavu za kuburura, wakausawazisha udongo na kupiga brashi mistari. Alama zote hufutika, za mshindi na za mshindwa. Uwanja huwa kana kwamba hakuna aliyepita. Aliyetangulia hawezi kuishi kwa seti iliyofagiliwa, na aliyetanguliwa hana sababu ya kufa kwayo. Kinachobaki ni kile ambacho kila mmoja amekiweka kichwani. Basi, vijana wenzangu, tukianza vizuri tusilewe, na tukipigwa tusitoroke. Tukae uwanjani muda wa kutosha kujifunza.

Kwa mazungumzo katika vikundi:

1. Ni "seti ya kwanza" gani uliyowahi kuitwaa katika masomo, kazi au familia, halafu ukaisahau kwa sababu mwisho haukuwa mzuri?

2. Katika mtaa wetu, kijana aliyeshindwa hupokewaje? Ni nani hukaa naye, na ni maneno gani huambiwa?

3. Mtaje mtu mmoja mwenye ujuzi mkubwa hapa kwetu. Je, unamwogopa, unamdharau, au unajifunza kwake? Wiki hii unaweza kumwendea kwa jambo gani?